Tuliwakataza Bahari, Hatukuwafunza Maji

Wazee wetu walisema: bahari haishi zinge. Nami nimekaa kando ya bahari hii miaka sitini na zaidi nikidhani kwamba nimeielewa methali hiyo, mpaka Jumamosi moja ya mwezi wa Julai iliponifunza upya maana yake, tena kupitia kwa mtoto wa mwanangu.

Nilikuwa barazani baada ya sala ya adhuhuri, nikingoja chakula, simu yangu ikalia. Sauti ya mtu nisiyemjua iliniambia, “Mzee, njoo Mama Ngina. Kijana wako ni mzima, lakini njoo.” Msomaji ambaye amewahi kuambiwa maneno kama hayo atajua miguu yangu ilivyokuwa. Niliacha kofia yangu hapo hapo barazani nikapanda tuktuk.

Nilimkuta mjukuu wangu, mtoto wa miaka kumi na miwili, amekaa chini ya mbuyu, maji yanamchuruzika, muundi wa mguu wake umechunwa na jiwe. Alikuwa akitetemeka kwa baridi ya kusi na kwa hofu. Mkononi alikuwa bado ameikamata chupa ya plastiki iliyozungushiwa mshipi, mpya kabisa, hata haujapata harufu ya samaki. Kando yake alisimama mzee mmoja mvuvi wa pale pale, kikoi kimelowa mpaka kiunoni, akanieleza kisa chote.

Mjukuu wangu na mwenziwe waliteremka mwambani kiasi cha saa tano za asubuhi, maji yakiwa yamepwa. Walitembea kwa miguu mikavu mpaka kwenye jiwe lililojitenga, wakageuza migongo yao pwani wakaanza kutupa mishipi. Kufika saa nane, ufuo uliokuwa nyuma yao umekuwa bahari, na mawimbi ya kusi yanapiga pande mbili. Mwenziwe alikuwa mwepesi, akaruka mapema. Wangu aliingiwa na woga akabaki. Mzee yule na wenziwe wawili walimtupia kamba, wakamwambia ajifunge, wakamvuta kati ya wimbi na wimbi.

Nilimshukuru mzee yule mpaka nikakosa maneno. Yeye hakutaka shukurani. Aliniuliza swali moja tu, kwa sauti ya upole: “Bwana, mjukuu wako hakujua leo mwezi ngapi?”

Sikuwa na jibu. Siku ile ilikuwa mwezi kumi na sita, bamvua yenyewe. Nilipokuwa na umri wa mjukuu wangu, hapakuwa na mtoto wa Mji wa Kale asiyejua kwamba mwezi kumi na sita jiwe lile halikaliwi baada ya saa sita. Basi, ndugu wasomaji, maoni yangu ya leo yanatoka katika swali lile. Kosa halikuwa la mtoto. Kosa lilikuwa langu, na nahofia kwamba si langu peke yangu.

KUSI NA CHUNGU CHA NYUMBANI

Baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa cherehani karibu na Bandari ya Kale. Kazi yake ilifuata pepo. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hata Machi, majahazi yalikuja kutoka Arabuni na Ghuba, mji ukajaa wageni, na watu wakashonesha nguo. Mwezi wa Aprili pepo zilipogeuka, majahazi yaliondoka, masika yakaingia, na fedha zikaondoka pamoja na wageni. Kisha ikaja kusi yenyewe, na kipupwe chake cha Juni, Julai na Agosti, wakati ambapo mtu wa pwani hujifunika shuka usiku na kusema kuna baridi, hata kama mgeni kutoka bara atamcheka.

Kusi ni wakati mgumu kwa wavuvi wa vyombo vidogo. Upepo huwa mkali, bahari ya nje huchafuka, na mitumbwi na ngalawa hubaki ndani ya mwamba au hupandishwa pwani. Samaki sokoni hupungua na bei hupanda. Hapo ndipo mtu asiye na chombo, mwenye mshipi wake tu, alipokuwa na heshima yake. Alishika njia kupita Makadara na Kizingo, akateremka mawe ya Mama Ngina, na baada ya Isha akarudi na kitoweo. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zimevuka kusi kwa namna hiyo, wala hazikuona haya.

Baba alinichukua mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Baadhi ya wazee walikuwa bado wanaiita barabara ile kwa jina lake la kikoloni, Azania, ingawa ilikwisha kupewa jina la mke wa Rais wa kwanza wa nchi hii. Mahali penyewe panaeleza kwa nini samaki wapo. Jina la Kilindini ni ushahidi tosha: ni mahali penye kilindi, maji ya kina. Mlango ule ambao meli kubwa hupita kuingia bandarini ndio huo huo ambao maji huingia na kutoka mara mbili kila siku, na samaki huingia nayo kufuata chakula. Mvuvi wa mshipi amekaa pale kama mtu aliyekaa mlangoni mwa msikiti siku ya Idi: kila mtu lazima apite mbele yake.

Sasa sikilizeni kosa langu. Nilipopata watoto mimi mwenyewe, niliwakataza bahari. Niliwaambia bahari ni hatari, samaki wananuka, mshipi ni kazi ya mtu aliyeshindwa na masomo. Nilitaka wasome, nao wakasoma, alhamdulillahi. Lakini mshipi wa baba niliuweka dari mpaka panya wakaumaliza. Watoto wangu wakakua bila ya kujua maji, nao hawakuwa na la kuwapa watoto wao. Kisha mjukuu akaenda mwenyewe, kwa siri, na mshipi wa kununua dukani. Damu ilimvuta, ila haikumfunza.

Ndiyo maana nasema: kumkataza mtoto wa kisiwani bahari hakumzuii kwenda. Kunamfanya aende akiwa mjinga.

ELIMU ILIYO KATIKA TAREHE YA KIISLAMU

Watu hudhani kwamba elimu ya wavuvi ni ya kubahatisha. Si kweli. Ni hesabu, na sisi Waislamu tunayo kalenda yake majumbani mwetu, tumeitundika ukutani kwa ajili ya kungojea Ramadhani na Idi tu.

Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua, na nguvu zake huzidi siku moja au mbili baadaye. Kati yake, kiasi cha mwezi saba au nane na mwezi ishirini na mbili au ishirini na tatu, maji hayapandi sana wala hayashuki sana. Hayo ndiyo maji mafu. Hapa Mombasa, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa kiasi cha saa kumi, za alasiri na za alfajiri, na hupwa kiasi cha saa nne, za asubuhi na za usiku. Kila siku inayofuata, nyakati hizo husogea mbele kwa kadiri ya dakika hamsini. Kwa hiyo ukifika mwezi saba au nane, mambo yamegeuka: maji yanajaa saa nne na yanapwa saa kumi.

Mtoto anayejua tarehe ya Kiislamu na kuzidisha kwa hamsini anaweza kukaa darasani huku akijua bahari ikoje. Hiyo si elimu ndogo. Tofauti ya maji kujaa na kupwa katika bamvua kubwa hapa kwetu hupita mita tatu, yaani kimo cha mtu na nusu na zaidi. Jiwe ulilolikanyaga kavu asubuhi, alasiri litakuwa limefunikwa kuliko urefu wako. Mwenyezi Mungu ameujaalia mwezi uwe kipimo cha nyakati kwa watu, nasi tumeuacha uwe kipimo cha futari peke yake.

Na si mwezi tu. Wazee wa pwani walikuwa pia na mwaka wao wa jua, unaoanza Nairuzi, wenye siku 365, na waliuhesabu kwa miongo, kumi kumi. Kwa hesabu hiyo walijua pepo zitageuka lini, mvua zitakuja lini na samaki gani atakuwa wapi. Wenzetu wa Makunduchi kule Unguja bado wanausherehekea Mwaka Kogwa kila Julai, katikati ya kipupwe hiki hiki. Hapa Mvita ni wazee wachache waliobaki ambao ukiwauliza mwongo wa ngapi watakujibu bila ya kufikiri. Kila jeneza la mmoja wao tunalolisindikiza, tunazika na kitabu kisichoandikwa.

MKONO UNAOSIKIA

Katika mshipi wenyewe hamna anasa yoyote. Ni uzi wa nailoni uliozungushwa kwenye kibao, kopo au chupa, ndoana, na chubwi la kuuzamisha. Lakini katika vitu hivyo vichache mna ufundi ambao nitautaja kidogo, kwa sababu wengi wanaopita pale juu wakila mihogo yao ya pilipili na ndimu hudhani wale walio chini wamekaa tu.

Kwanza, chubwi. Mwamba wa Mama Ngina una mapango na meno, na kila kinachoanguka hunaswa. Mvuvi mjuzi hufunga chubwi lake kwa uzi mbovu kuliko mshipi. Likinasa, uzi ule mbovu hukatika, jiwe likabaki, na mshipi na ndoana na samaki wakarudi. Baba alikuwa akiniambia: katika kila jambo, jua mapema kitu gani uko tayari kukipoteza. Nilikuwa mtoto, nikadhani anazungumzia mawe.

Pili, chambo. Changu hupenda nyama ya pweza, ngisi au kamba. Tafi ni mla mwani, na wategaji wa malema humtilia mwani ndani. Kwa ndoana huhitaji chambo laini na ndoana ndogo, kwani mdomo wake ni mdogo na haraka yake ni nyingi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kidole. Mshipi hulazwa juu ya kidole cha shahada, na kidole kile husoma giza lililo chini ya maji. Tafi hudonoa, dono dono, kama kuku. Changu hugusa, akaacha, halafu akavuta mara moja kwa uzito. Kolekole haulizi, hunyakua na kuondoka, na mwenye kuuzungushia mshipi mkononi atakatwa nyama. Ngogo humeza kimya kimya, mpaka ukidhani umenasa jiwe. Wimbi nalo huvuta, na mwani huvuta, na mkondo huvuta. Mwenye pupa huvuta kila kinapoguswa, na usiku kucha huvua maji. Mwenye subira hungoja mpaka ajue ni nani anayebisha hodi.

Na baada ya kuvua kuna kujua. Miba ya tafi ina sumu, kadhalika ya ngogo. Aliyechomwa hutia mkono katika maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia, na maumivu hupungua. Bunju, yule anayejivimbisha kama mpira, haliwi, kwani sumu yake huua. Haya mambo mtoto akiyajifunza kwa mzee ni hadithi. Akijifunza mwenyewe, huenda ikawa msiba.

KAPU LA UINGEREZA

Mpwa wangu mmoja anaishi Uingereza. Alipokuja kututembelea Agosti, nilimsimulia kisa cha mjukuu, naye akanieleza habari za wavuvi wa kule. Alisema kuna samaki mnene wa mitoni na maziwani, mwenye magamba makubwa, ambaye wao humwita kapu. Wakati wa baridi yao, maji yanapokuwa kama barafu, samaki huyo hula kidogo sana na hukaa karibu bila kusogea chini ya maji. Hata hivyo watu hulipia leseni ya Serikali, hununua fimbo za bei kubwa, hupiga hema kando ya mto na kukaa siku mbili tatu wakingojea aguse mara moja. Wakimpata humpima uzito, hupiga naye picha, kisha humrudisha majini.

Nilicheka nikamwambia, “Mwanangu, huku kwetu kapu ni la kutilia samaki, si samaki mwenyewe.”

Lakini usiku niliyafikiri maneno yale. Kumchoma samaki ndoana kwa ajili ya picha ni jambo ambalo moyo wangu haulikubali. Dini yetu imetuhalalishia mawindo ya bahari ili tule na wasafiri wapate masurufu, na kiumbe hakuumbwa awe mwanasesere wa mtu. Hapo mimi na watu wa kapu hatuko pamoja. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo wametushinda nalo. Wao, ambao hawamhitaji samaki yule kwa chakula, wameithamini subira ya kumngojea mpaka wamefanya vyama, wakaandika vitabu, na baba humpeleka mwanawe mtoni katika baridi ile kumfunza. Sisi, ambao samaki ni kitoweo chetu na bahari ni ua wa nyumba zetu, tumeona haya kuwafunza watoto wetu.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Najua yatakayosemwa, kwa sababu mimi mwenyewe niliyasema miaka thelathini.

Watasema ni hatari. Kweli ni hatari. Mji huu haujasahau tarehe 29 Aprili 1994, ilipozama feri ya Mtongwe na watu 272 wakapotea. Bahari haina rafiki. Lakini hatari ya maji haiondolewi kwa kufumba macho. Tunamfunza mtoto kuvuka barabara, hatumwambii kwamba barabara haipo. Mtoto wa kisiwa cha Mombasa amezungukwa na maji pande zote, na kumwacha asijue bamvua ni kama kumwacha mtoto wa mjini asijue gari.

Watasema ni kazi ya kimaskini. Nawajibu: aliyekuokolea mwanao na njaa ya kusi ni maskini gani? Wazee wengi waliokaa kwenye mawe yale walikuwa waalimu, makarani, mafundi, na mahodari wa mashairi. Walikaa pamoja kuanzia alasiri, adhana ya maghribi ikawakuta pale, wakatawadha kwa maji yale yale ya bahari, ambayo Mtume wetu (S.A.W.) alikwisha kutufahamisha kuwa ni tohara, wakasali mwambani kwa jamaa. Niambieni ni baraza gani la siku hizi lililo na heshima kama ile.

Watasema samaki wamekwisha, na bora kununua wa barafu, hata wale wanaoletwa kutoka China. Ni kweli samaki wamepungua. Matumbawe mengi ya pwani hii yalikufa kwa joto la bahari la mwaka 1998. Na zaidi ya hapo kuna tamaa zetu. Serikali ilipiga marufuku juya la kukokota na bunduki ya kuvulia mwaka 2001, lakini ni nani asiyejua kwamba juya lenye macho madogo huchukua mama na mtoto na yai? Tumesoma katika Suratul Aaraf habari za watu wa mji uliokuwa kando ya bahari, waliokatazwa kuvua siku ya Jumamosi, na samaki wakawajia siku hiyo hiyo kuwatahini. Wafasiri wameeleza namna walivyofanya hila, wakatega kabla ya siku na kukusanya baada ya siku. Hila ile ndiyo inayotumaliza hata leo. Mshipi hauna hila. Ndoana moja, samaki mmoja, na mchanga akija hurudishwa akakue. Ukitaka mtoto ajue maana ya kukinai, mpe mshipi.

NINAYOYAOMBA

Mama Ngina imetengenezwa upya. Sherehe za Mashujaa za mwaka 2019 zilifanyiwa pale, na sasa pana njia za miguu, viti na bustani. Mimi sina ugomvi na matengenezo. Napenda kuona watu na watoto wao wakipunga upepo, wakinywa madafu, wakitazama meli zikipita karibu kama nyumba zinazotembea. Ombi langu ni kwamba wanaopasimamia wasimwone mvuvi wa mshipi kuwa ni kitu kilichosahauliwa kuondolewa. Yeye ndiye mwenyeji wa kale wa pale. Yafaa abaki na njia yake salama ya kuteremka mwambani. Yafaa pia paandikwe kila siku, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, saa ya maji kujaa na kupwa, na kamba na boya viwe karibu. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mazishi.

Kwa waalimu wa madrasa na wa skuli, ombi langu ni alasiri moja tu katika mwezi. Wafunzeni watoto kuhesabu maji kwa tarehe ya Kiislamu. Hesabu, sayansi na dini zote zimo katika somo hilo moja.

Na kwa wavuvi wenzangu, tusijisahau. Tusiache vipande vya nailoni na ndoana mawemawe, vikamchoma mtoto au kumnyonga ndege. Tusitupe takataka pale tunapotafuta riziki. Tusitupe mishipi mahali watoto wanapooga. Mwenye kutaka heshima aanze kujiheshimu.

Lakini ombi langu kubwa ni kwa akina baba, wajomba na mababu. Msingoje Serikali. Kusi ina miezi, na kila mwezi una siku za maji mafu. Chagueni siku moja.

Mimi nilichagua mwezi ishirini na mbili, siku sita tu baada ya kisa kile, muundi wa mjukuu wangu ukiwa bado na kigaga. Mama yake hakupendezwa, nami simlaumu. Tuliteremka pamoja baada ya kusali alasiri, maji yamepwa na yameanza kurudi taratibu. Mzee yule wa kikoi alikuwapo, akatusogezea nafasi. Kabla ya kutupa mshipi nilimtaka mjukuu anionyeshe kwa kidole maji yatafika wapi na tutaondoka saa ngapi. Alihesabu kwa vidole, akakosea, akahesabu tena, akapata.

Tulikaa mpaka Isha. Upepo ulikuwa baridi, feri za Likoni zinakwenda na kurudi na taa zake, na yeye hakusema neno kwa muda mrefu, jambo ambalo nyumbani halijatokea. Kisha nikaona kidole chake kimesimama. Hakuvuta. Alingoja. Alinitazama, nami sikumwambia kitu. Halafu akavuta.

Alikuwa tafi, si mkubwa, kadiri ya kiganja cha mtu mzima. Nilimwonyesha namna ya kumshika bila ya kuchomwa. Tulirudi na samaki watatu ndani ya kapu, wawili wa mzee yule aliyekataa kurudi nao, na mmoja wetu. Bibi yake aliwapaka nazi, na yule mmoja alipewa aliyemvua, akala mpaka mifupa.

Sasa kila jioni, kabla ya kulala, mtoto yule hutoka nje kutazama mbinguni. Sijui atakuwa nani maishani, daktari au karani au mvuvi, hilo ni la Mungu. Lakini najua kwamba bahari haitamkuta tena akiwa ameipa mgongo.

Nawe msomaji, kabla hujalikunja gazeti hili, mwite mwanao au mjukuu wako umwulize swali la mzee wa Mama Ngina: leo mwezi ngapi? Akikosa jibu, usimkemee. Mshike mkono, mteremke pamoja.